Kapsuli ya kila siku kwa mtoto wa SS: tumwanzishe au tungoje?

Lubumbashi iko juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ikifika mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina mchezo. Familia husogea karibu na mbabula ya makala, watoto hulala na sweta. Nyumba yenye mtoto wa drepanositozi, ugonjwa tunaouita SS na ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita selimundu, huungoja msimu huo kwa hofu. Mtoto analala mzima, anaamka vidole vimevimba, migongo ya viganja imejaa na ngozi inang'aa, nyayo hazikanyagi chini. Ukimgusa analia. Kwa watoto wengi uvimbe huo, ambao mara nyingi huja kabla ya kutimiza miaka 2, ndiyo dalili ya kwanza kwamba wamerithi ugonjwa kwa wazazi wote wawili.

Ipo dawa inayopunguza mashambulio hayo. Inaitwa haidroksiurea, na ni kapsuli ya kunywa kila siku, kwa miaka, mtoto awe kitandani au awe uwanjani anacheza. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wengine wanasema mtoto aanzishiwe mapema iwezekanavyo. Wengine wanasema ni hatari kumzoesha dawa ambayo mji wetu hauna uhakika wa kuipata wala wa kuisimamia.

Nimeileta hoja hii mezani kwa sauti tano: daktari wa watoto, mama wa komini ya Katuba mwenye mtoto wa SS wa miaka 4, papa mkubwa wa mtoto huyo, aliyezeekea kazini kwenye kampuni ya madini ya Gécamines, muuguzi wa kituo cha afya katika komini ya Kenya hapa mjini, na kijana, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye mwenyewe ni SS. Sauti hizi nimezitunga ili zibebe hoja zinazogongana. Tafiti, miaka na takwimu wanazozitaja ni za kweli.

Mtoto anayecheza ni mgonjwa?

MAMA: Docta, mimi naanza na swali la nyumbani. Mwanangu ana kilo 12 na nusu. Mwezi uliopita alilazwa, leo anakimbizana na wenzake barabarani. Mnaniambia nimpe kapsuli leo, kesho na keshokutwa, mpaka awe mtu mzima. Mtoto asiyeumwa anywe dawa ya nini?

DOCTA: Mama, mtoto wako ana siku za kulia na siku za kutolia, lakini ugonjwa uko kazini siku zote. Chembe nyekundu za damu yangu zinaishi siku zipatazo 120. Za mtoto wa SS mara nyingi hazifiki 20. Hemoglobini yake ikipungukiwa na oksijeni inagandamana ndani ya chembe, chembe inakuwa ngumu na kupinda kama mundu, kisha inaziba mishipa midogo. Ikiziba vidoleni, vidole vinavimba. Ikiziba mfupani, ni yale maumivu unayoyajua. Ikiziba kwenye ubongo, mtoto anapooza upande mmoja. Na bandama, inayotukinga na vijidudu, inaharibika katika miaka ya mwanzo kabisa, bila mtoto kulalamika.

MAMA: Mbona miezi ya kwanza alikuwa mzima kabisa? Nilimnyonyesha hana tatizo lolote.

DOCTA: Kwa sababu alizaliwa na hemoglobini ya tumboni, ile ambayo kila mtoto huzaliwa nayo. Hiyo haigandamani. Inapungua polepole, na kuanzia karibu miezi 6 ile ya ugonjwa inachukua nafasi. Haidroksiurea kazi yake kubwa ni kuurudisha mwili kwenye kutengeneza ile hemoglobini ya utotoni. Nayo huku kwetu ina maana zaidi, kwa sababu wagonjwa wengi wa Kongo wamebeba aina ya urithi iitwayo Bantu, ambayo kwa kawaida huwaachia kiasi kidogo sana cha hemoglobini hiyo.

PAPA MKUBWA: Docta, samahani nikukate. Kwetu sisi hakuna SS. Baba yangu aliishi mpaka uzee, sisi ndugu saba tuko wazima. Ugonjwa huu umetoka upande wa mama.

DOCTA: Papa, kwa heshima zote, hilo haliwezekani. Ili mtoto awe SS, lazima apokee S moja kwa mama na S moja kwa baba. Mdogo wako, baba wa mtoto huyu, naye ni AS, yaani amebeba S moja tu, na pengine hata wewe. Mwenye AS haumwi, anaishi maisha yake yote hajui. Wawili wa AS wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta SS. Kule Kinshasa, Profesa Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204, wakachapisha matokeo mwaka 2009: asilimia 16.9 walikuwa AS, asilimia 1.4 walikuwa SS. Karibu mtoto 1 kati ya 6 amebeba S. Hakuna ukoo wa kumnyooshea mwingine kidole.

KIJANA: Papa, hilo neno la "upande wa mama" limevunja ndoa nyingi hapa mjini. Mimi nilipokuwa mdogo, macho yangu yakiwa ya njano, majirani walisema mama ananila kwa uchawi. Wengine walitaka nipelekwe kuombewa niache dawa. Mama alikataa lile la kuacha dawa. Maombi aliendelea nayo. Ninashukuru kwa yote mawili.

PAPA MKUBWA: Basi mwanangu, hilo nimelisikia. Sitalirudia tena. Lakini swali la mama bado halijajibiwa. Dawa kwa mtoto anayecheza.

DOCTA: Nalijibu. Kumlinda mtu siku aliyo mzima si jambo geni. Chandarua unakitega kabla mbu hajauma. Tangu 1986 inajulikana kwamba penisilini ya kunywa kila siku inawaokoa watoto wadogo wa SS: uchunguzi wa Marekani wa watoto 215 ulionyesha maambukizi makali ya nimokoki yamepungua kwa asilimia 84. Hata magonjwa mengine ya kurithi yanakwenda njia hiyo. Kuna anjioedema ya kurithi, inayovimbisha uso, tumbo, hata koo mpaka mtu akakosa pumzi. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha kapsuli ya kila siku ya kuizuia, berotralstat. Ni ugonjwa tofauti na dawa tofauti, lakini mantiki ni ileile: shambulio ukilingoja lifike, umeshachelewa.

Ushahidi umetoka wapi?

PAPA MKUBWA: Mantiki nimeielewa. Mimi nataka kujua imejaribiwa kwa nani. Dawa zinapimwa Ulaya, kwa watoto wanaokula vizuri na wasiojua malaria, halafu zinaletwa kwetu.

DOCTA: Swali zuri, papa, na ndilo lililowazuia madaktari wengi wa Afrika kwa miaka. Hofu ilikuwa hii: dawa inashusha chembe nyeupe za damu, je, mtoto mwenye utapiamlo, kwenye nchi ya malaria, haitamwua? Ndiyo maana ukafanyika uchunguzi uitwao REACH, katika vituo vinne vya Afrika: Kinshasa kwenye hospitali ya Monkole, Luanda, Kilifi katika nchi ya Kenya, na Mbale kule Uganda. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walianzishiwa dawa. Jina la kwanza kwenye makala yake, iliyotoka katika New England Journal of Medicine mwaka 2019, ni la Mkongo, huyo huyo Profesa Tshilolo.

PAPA MKUBWA: Na ikawaje?

DOCTA: Tuchukue watoto 100 na kuwafuata mwaka mzima. Kabla ya dawa walikuwa wanapata mashambulio ya maumivu 98. Wakiwa kwenye dawa, 45. Malaria ilitoka 47 ikawa 23. Kuongezewa damu kulitoka mara 43 kukawa mara 14. Vifo vilitoka 3.6 vikawa 1.1.

PAPA MKUBWA: Walilinganishwa na watoto gani?

DOCTA: Na wao wenyewe, jinsi walivyokuwa katika miezi kama 2 kabla ya kuanza dawa.

PAPA MKUBWA: Basi hapo pana shimo. Mtu anayekuja kwenye uchunguzi mara nyingi anakuja akiwa katika hali mbaya. Na daktari akikutazama kila mwezi, hata bila kapsuli utakuwa na nafuu. Sisi kiwandani tulijifunza hivyo: mashine inayokaguliwa kila siku haiharibiki ovyo.

DOCTA: Una hoja, na sitaficha udhaifu huo. Lakini Kampala walifanya uchunguzi mwingine, NOHARM, uliochapishwa 2017. Watoto 208 wa miaka 1 hadi 4; nusu walipewa haidroksiurea, nusu kapsuli isiyo na dawa, na wote walitazamwa sawasawa kwa mwaka. Malaria haikuongezeka kwa waliopewa dawa. Waliopatwa na matatizo ya SS walikuwa asilimia 45 upande wa dawa, na asilimia 69 upande usio na dawa. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kukaguliwa tu.

PAPA MKUBWA: Hiyo naikubali. Ila nimeona asilimia 45 bado walipata matatizo.

DOCTA: Ndiyo. Haidroksiurea haiponyi. Yeyote atakayekuambia inaponya, mkimbie. Inapunguza.

"Hiyo si dawa ya kansa?"

MAMA: Docta, mfamasia mmoja aliniambia nisithubutu, kwamba ni dawa ya kansa. Nilitoka pale miguu inatetemeka.

DOCTA: Hakukudanganya, ila hakumaliza maneno. Haidroksiurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, na baadaye ikatumika kwa kansa za damu. Mwaka 1995 uchunguzi wa watu wazima 299 wa SS huko Marekani ulionyesha kwamba inapunguza mashambulio karibu nusu, na mwaka 1998 Marekani iliidhinisha itumike kwa watu wazima wa SS. Hofu kwamba yenyewe italeta kansa ilikuwapo tangu mwanzo. Wagonjwa wa SS wamefuatwa miaka mingi na mpaka leo ongezeko hilo halijaonekana.

KIJANA: Docta, mimi niulize lile ambalo wanaume wengi wanaogopa kuliuliza mbele ya wazazi. Uzazi.

DOCTA: Uliza, mwanangu, hapa ndipo mahali pake. Kwa mwanamume mzima dawa inaweza kupunguza mbegu, na anapotaka mtoto tunazungumza, mara nyingi tunaisimamisha kwa muda. Kwa wavulana walioanza kabla ya kubalehe, uchunguzi mdogo wa Ufaransa uliochapishwa 2021 haukuona tofauti ya mbegu kati yao na wenzao wa SS ambao hawakunywa. Ni uchunguzi mdogo, siwezi kuapa juu yake. Mwanamke anayetarajia mimba lazima aje kwa daktari wake kwanza. Wajawazito kwa kawaida hawapewi dawa hii.

PAPA MKUBWA: Mimi nimesomewa habari nyingine. Mwaka 2024 kampuni kubwa ya Marekani iliondoa dawa ya SS sokoni, dunia nzima. Nayo ilikuwa ya kunywa kila siku. Leo mnatuambia kapsuli ni nzuri, kesho mtatuambia mlikosea?

DOCTA: Ni kweli tupu. Ilikuwa voxelotor, iliyouzwa kwa jina la Oxbryta. Marekani iliidhinisha 2019, na Septemba 2024 Pfizer ikaiondoa kila mahali, kwa sababu ya vifo na mashambulio yaliyoonekana kwenye tafiti. Ilikuwa dawa nyingine, inayofanya kazi kwa njia nyingine. Kwangu mimi funzo lake ni hili: dawa mpya yenye sifa nyingi isikimbiliwe. Haidroksiurea haina upya wala sifa za magazetini. Imetumika kwa SS miaka karibu 30, ubaya wake tunaujua kwa jina, na tunajua namna ya kuukamata mapema.

MUUGUZI: Docta, hapo kwenye "kuukamata mapema" ndipo mimi nina neno.

Nani atapima damu?

MUUGUZI: Nimewasikiliza wote. Dawa inashusha chembe nyeupe na chembe sahani za damu. Kwa hiyo mtoto anatakiwa apimwe hesabu kamili ya damu kabla ya kuanza, kisha karibu kila mwezi mwanzoni, baadaye kila miezi 2 au 3. Hiyo ni mashine, na vitendanishi, na umeme usiokatika katikati ya kazi. Kwenye vituo vya mitaa, vitu hivyo vitatu havikutani kila siku. Mama wa komini ya Ruashi atapanda gari mara ngapi kuja mjini kwa kipimo? Akishindwa safari mbili, mtoto anakunywa dawa kali bila mtu kuona ndani ya damu yake kuna nini.

DOCTA: Katika REACH, miezi 3 ya kwanza, asilimia 5.1 tu ya watoto ndio ambao damu yao ilishuka kiasi cha kulazimu dawa isimamishwe kidogo. Ikisimamishwa, damu hurudi.

MUUGUZI: Asilimia 5.1 waliogunduliwa, docta, kwa sababu walipimwa. Asiyepimwa hagunduliwi. Na kuna jambo la kipimo cha dawa yenyewe. Mama, mtoto wako ni kilo 12 na nusu. Miligramu 20 kwa kila kilo, ni miligramu 250 kwa siku. Kapsuli inayopatikana ni ya miligramu 500. Nusu yake unaipataje?

MAMA: Mfamasia wa hospitali alinionyesha. Navaa glavu. Naifungua kapsuli ndani ya kikombe kidogo ambacho hakitumiki kwa kitu kingine, naweka mililita 10 za maji safi, nakoroga mpaka unga uchanganyike vizuri na maji. Halafu navuta mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, namwekea mtoto pembeni mwa shavu polepole. Inayobaki namwaga. Kikombe nakiosha peke yake. Dada yangu ana mimba, hakigusi.

MUUGUZI: Umefundishwa vizuri, mama. Nimewaona wengine wanaigawa kwa macho juu ya karatasi, au wanampa nzima leo na kesho hawampi kitu ili boksi lifike mwisho wa mwezi. Hapo lawama haimwendei mama. Inamwendea aliyeandika karatasi ya dawa bila kukaa naye dakika 15.

DOCTA: Hilo nalipokea, na ninaliunga mkono. Sasa tusikilizane kuhusu dozi. Kuna njia mbili. Moja ni kubaki kwenye dozi ya wastani, kama miligramu 20 kwa kilo. Nyingine ni kuipandisha hatua kwa hatua mpaka kiwango cha juu ambacho damu inakivumilia. Kampala walizilinganisha kwa watoto 187 na kuchapisha 2020: waliopandishiwa dozi walipata nafuu kubwa zaidi, kiasi kwamba uchunguzi ulikatishwa mapema.

MUUGUZI: Na kupandisha kunataka vipimo vingi zaidi.

DOCTA: Ndiyo.

MUUGUZI: Basi mimi nasema hivi. Penye mashine ya uhakika, ipandishwe. Kituoni kwangu, ibaki ya wastani, na tuwe na siku moja kwa mwezi ya watoto wa SS tu: mashine imewashwa, vitendanishi vipo, dawa ipo, kila mtoto anapimwa uzito na damu asubuhi na kuondoka na kapsuli za mwezi. Bila siku hiyo, sitampa mtoto kapsuli ya kwanza.

KIJANA: Na homa, mama muuguzi?

MUUGUZI: Homa kwa mtoto wa SS ni hospitali siku hiyohiyo, awe kwenye haidroksiurea au asiwe. Chandarua kila usiku, maji ya kunywa mengi, chanjo, penisilini mpaka miaka 5, asidi foliki. Nimeona familia zinapata kapsuli na kuviacha vingine vyote. Kapsuli haikuja kuvifukuza.

Nani atalipa kesho?

PAPA MKUBWA: Sasa tumefika kwangu. Mimi nilifanya kazi Gécamines. Wakati ule mtoto wa mfanyakazi alitibiwa hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, na unga wa bukari ulifika nyumbani. Tulidhani ni vya milele. Miaka ya tisini uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wakaondoka kwa mpango wa kujitoa kwa hiari. Mji mzima ulijifunza maana ya kutegemea kitu kisha kikakatika. Kwa hiyo naona kumwanzishia mtoto dawa ya maisha bila kujua mwezi ujao itatoka wapi ni kumfanyia ukatili.

MAMA: Papa, kwani ikikatika anarudi kuwa mbaya kuliko mwanzo?

DOCTA: Hapana. Kinga inayeyuka, anarudi alipokuwa. Lakini ile miezi mliyovumilia mnaipoteza, kwa sababu dawa hii haionyeshi kazi yake wiki ya kwanza. Inataka miezi 3 mpaka 6. Wengi huiacha mwezi wa pili wakisema haifai kitu.

PAPA MKUBWA: Unaona? Nyumba ina watoto watano. Ada za shule za wanne zinagombana na kapsuli za mmoja.

MAMA: Papa, nakuheshimu, lakini mimi ndiye ninayelala naye hospitali. Nihesabu mbele yako. Krizi ya maumivu ikija usiku, ni teksi. Ni kulazwa siku nne, tano. Ni dawa za maumivu, serumu, vipimo. Damu ikishuka, tunaanza kutafuta mtu wa kutoa damu saa saba za usiku, tunapigia simu watu wa kanisa, na hofu ya damu yenyewe ipo. Siku zote hizo sombe yangu haiko sokoni Katuba. Mwezi unaofuata nakopa kurudisha mtaji. Nimeona mwanamke amekaa na mtoto aliyepona, haruhusiwi kutoka kwa sababu ya deni. Hela hiyo tunailipa tayari, papa. Tunailipa kwenye maumivu.

PAPA MKUBWA: Sikuwa nimeihesabu hivyo.

KIJANA: Na kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye risiti. Mimi nilirudia darasa mara mbili. Mitihani yetu ya taifa inafika karibu na msimu wa baridi. Nilianza haidroksiurea nikiwa mkubwa, nikiwa tayari nyonga moja imeharibika. Krizi zimepungua sana, nasoma, ninatembea. Nyonga haikurudi. Dawa haijengi upya kilichokwisha kuvunjika. Kwa hiyo nikisikia "tungoje mpaka mambo yawe tayari", najiuliza nani anayelipia kule kungoja. Ni mtoto.

PAPA MKUBWA: Mwanangu, mimi sikusema asipewe. Nimesema asiachwe katikati.

KIJANA: Basi papa, tunasema kitu kimoja.

Uamuzi wangu

Nimeziacha sauti hizi zigongane kwa sababu kila mmoja ameshika ukweli. Lakini mjadala usiotoa uamuzi hauwasaidii wazazi, na mimi uamuzi wangu ni huu: mtoto wa SS wa Lubumbashi aanzishiwe haidroksiurea mapema. Ushahidi si wa kuazima Ulaya. Umetoka Kinshasa, Luanda, Kilifi, Mbale na Kampala, kwa watoto wenye malaria ileile na sahani ileile. Dawa inayopunguza vifo kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka haina haki ya kubaki kabatini huku tukijadiliana.

Hata hivyo muuguzi na papa mkubwa hawakushindwa. Wameonyesha kwamba kapsuli, kipimo cha damu na uhakika wa mwezi ujao ni kitu kimoja, na anayetoa kimoja bila vingine hajatibu. Hoja yao isigeuzwe sababu ya kumnyima mtoto dawa. Igeuzwe deni la wale wenye uwezo wa kuvileta vyote vitatu.

Na uwezo upo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaipa mikoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini yanayochimbwa humo, na mamlaka za mitaa asilimia 15. Sheria hiyohiyo inazitaka kampuni za madini zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Haut-Katanga haiwezi kusema haina fedha za kununua kapsuli ya zamani ambayo kampuni nyingi zinaitengeneza, na mashine chache za kuhesabu damu. Wabunge wa mkoa, mabomesta wa komini, na wote wanaoketi kwenye meza za kugawa fedha hizo, liwekeni jambo hili kwenye orodha: siku ya SS kila mwezi katika kila komini, kipimo cha hemoglobini kwa kila mtoto anayezaliwa, na dawa ya mwaka mzima ikiwa ghalani kabla mtoto wa kwanza hajaandikishwa.

Kwenu wachumba: nendeni mkapime elektroforezi, kipimo kinachoonyesha kama mtu ni AA, AS au SS, kabla ya mahari, wote wawili, na mpokee majibu mkiwa pamoja. Kwenu madaktari: msiandike haidroksiurea bila kumwonyesha mama namna ya kuigawa. Na kwako mzazi ambaye mwanao ameshaanza: usimwachishe kwa sababu mwezi wa pili hujaona mabadiliko, usimpe zaidi ya alichoandikiwa kwa sababu amepata nafuu, usikose tarehe ya kupima damu, na akipatwa na homa mpeleke hospitali siku hiyohiyo.